Kasindi: kipimo kimoja hakiwezi kuhukumu mchanganyiko

Mashofere wa makamyo ya mafuta wanaijua hesabu hii kuliko mwalimu yeyote. Kamyo inajazwa lita 40 000 za esanse, inavuka Mpondwe, inapita dwane ya Kasindi, inapanda Beni, inafika Butembo. Pale mwenye mali anaingiza fimbo ya kupimia: lita mia nne na zaidi hazionekane. Anamtazama shofere. Shofere anaapa kwa jina la mama yake. Mwishowe zile lita zinakatwa ku mshahara, ao mtu anafukuzwa kazi, na parking nzima inabaki inasema kwamba yule ni mwizi.

Ku mpaka uleule zinavuka pia bido za pombe kali. Mchuuzi anatumbukiza alkometre, inaelea, inaonyesha 40, watu wanafurahi: mali iko na nguvu. Hakuna anayeuliza ni nguvu ya kitu gani.

Hizi kesi mbili naziona kama moja. Mu zote mbili tunachukua mchanganyiko, tunaupima kwa namba moja tu, kisha tunatoa hukumu. Upande mmoja tunamhukumu mtu asiye na kosa, upande mwingine tunaachilia mali inayoweza kuua. Na kinachonisukuma kuandika ni kwamba dawa ya ujinga huu iko bure. Kijana yeyote wa Butembo ao Beni mwenye ordinatere ya kawaida anaweza kuipata leo, lakini namna tunavyoitumia inanihuzunisha.

Nasemea programu za simulasio, zile zinazoigiza ndani ya ordinatere yale yanayotokea ndani ya mtambo. Unaiambia programu: nina maji kiasi hiki, pombe kiasi hiki, moto huu, presio ya hewa hii. Inakujibu: mvuke utakaopanda utakuwa na hiki na hiki, na kile kitakachobaki mu chungu kitakuwa hivi. Makampuni makubwa ya mafuta yanatumia Aspen, iliyozaliwa ku chuo cha MIT kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, na leseni yake si ya mfuko wa mwanafunzi wetu. Lakini kuna nyingine inaitwa DWSIM, iliyoanzishwa na Mbrazili Daniel Medeiros, ambayo mtu anaichukua bila kulipa hata franka moja, na anaweza hata kufungua tumbo lake na kuangalia hesabu zinavyofanyika. Kuna COCO pia, bure vilevile. Kwa hiyo ile sababu ya "siye hatuna pesa" haisimame hapa. Umeme, ndiyo, tutaongea siku nyingine.

Shida inaanza pale programu inapokuuliza swali la kwanza. Kabla ya kuhesabu kitu chochote, inataka uchague modeli ya termodinamiki, yaani kanuni ambayo vitu vitafuata vikichanganywa. Inakupa orodha ndefu ya majina: Raoult, Peng-Robinson, NRTL, UNIQUAC, UNIFAC. Mwanafunzi aliyechoka, mwenye TFC ya kupeleka kesho, anabonyeza jina la kwanza analolijua kutoka darasani. Anapata tablo nzuri, mistari ya rangi, namba zenye koma na tarakimu nne nyuma yake. Anazibandika ku ukurasa wa 43. Jury inapiga makofi. Na ile namba ni ya uongo.

Mfano wa kuonyesha uongo huo hautoke mbali. Twende kwa mama anayepika lutuku.

Chukua pombe ya ndizi, kasikisi, yenye alkoli kama 10 kwa mia. Iweke ku moto ndani ya pipa lililofunikwa, na mvuke wake upitishe ndani ya tiyo iliyozamishwa mu maji baridi. Tone la kwanza linalotoka lina nguvu gani? Ukiuliza modeli ya Raoult, yule mtaalamu wa Grenoble wa karne ya 19, ambaye kanuni yake inachukua kwamba maji na alkoli vinaishi pamoja bila kusumbuana, itakujibu: kama 20 kwa mia. Umuulize yule mama. Atacheka. Tone la kwanza linawaka moto ukilikaribisha kiberiti, na ya 20 kwa mia haiwake hivyo. Tone la kwanza linapita 50 kwa mia, na mama hakuhitaji shahada kulijua hilo.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Ju maji na alkoli hawapendane vile Raoult alivyofikiri. Maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na alkoli ikiwa kidogo katikati ya maji mengi iko kama mgeni asiyepewa kiti: inasukumwa nje, inakimbilia mvuke. Utaona hali hiyo ya kutokuwa sawa hata bila moto. Changanya nusu lita ya maji na nusu lita ya alkoli safi: haupate lita moja. Unapata kama santilita 96 ao 97. Hakuna aliyekunywa zile zinazokosa. Zimejibana. (Kumbuka hapo, tutarudi kwa shofere.) Mu 1968 Mfaransa Henri Renon pamoja na John Prausnitz wa Berkeley walitoa modeli inayoitwa NRTL, iliyotengenezwa sawasawa kwa michanganyiko ya namna hii. Iweke mu DWSIM pahali pa Raoult, na ghafla ordinatere inaanza kusema kile mama wa lutuku anasema. Kwangu hiyo njo mtihani wa kwanza wa programu yoyote: ikipingana na mama, angalia tena modeli yako kabla ya kumwambia mama hajasoma.

Kosa la pili ni dogo kwa kulitazama, na karibu kila mtu analifanya. Programu inapofunguka, presio iko tayari imeandikwa: atmosfere moja, presio ya ku bahari. Lakini Butembo haiko ku bahari. Iko kama metre 1 750 juu, na hewa ya kule inalemea karibu nne za tano tu za ile ya Mombasa. Maji yanachemka karibu na digrii 94, wala si 100. Alkoli safi, ambayo kitabu kinasema 78, inachemka karibu na 73. Waulize akina mama wanaopika maharagi Butembo na wanaoyapika Kasindi, chini kule karibu na ziwa Édouard, kama makaa yanaisha sawasawa. Mwanafunzi anayeacha ile atmosfere moja anafanya mtambo wa Mombasa, kisha anataka kuujenga Butembo.

Sasa tufike pahali pabaya.

Kila mtu aliyekaa karibu na wapika pombe amesikia ushauri huu: "Mwaga ya kwanza, ile ya kichwa, sumu yote iko pale." Sumu yenyewe ni metanoli. Ni ndugu wa alkoli tunayokunywa, yenye harufu karibu sawa na ladha karibu sawa, lakini mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho na kisha kuua. Na haikuue palepale. Mara nyingi saa 12 ao zaidi zinapita, mtu anafikiri ni hangover ya kawaida, kisha anaanza kuona kama mu ukungu. Kabale, upande wa Uganda, mu Aprili 2010, karibu watu 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na metanoli. Kenya, Mei 2014, wakafa zaidi ya hapo kwa wilaya nyingi siku chache tu. Kabale si mbali na siye, na waragi haijui visa.

Ushauri wa "mwaga ya kwanza" unaonekana na akili. Metanoli inachemka digrii 64 na nusu hivi, alkoli 78, maji 100. Basi metanoli itatangulia kutoka. Modeli ya Raoult inakubali kabisa. Kijana akiiweka mu programu atapata mstari mzuri unaoonyesha metanoli yote ikitoka mwanzoni, na ataandika mu hitimisho lake kwamba pombe ya kienyeji ni salama mradi kichwa kimekatwa. Nimesoma maneno ya namna hiyo kwa macho yangu.

Weka NRTL ao UNIQUAC, picha inageuka. Metanoli inapendana na maji kuliko alkoli inavyopendana nayo. Katikati ya maji mengi, kama mu kasikisi inayochemka, yale maji yanaishikilia metanoli wakati yanaisukuma alkoli nje. Matokeo yake ni kwamba mu chungu cha maji mengi metanoli haitangulie. Inatoka pamoja na nyingine tangu mwanzo hadi mwisho, na mara inachelewa kuliko alkoli. Ni pale tu mchanganyiko unapokuwa na alkoli nyingi sana, mu mitambo mirefu ya viwanda inayopika na kupika tena, njo metanoli inaanza kupanda juu na mtu anaweza kuikata. Pipa la kijijini halifike hapo. Ile ya kichwa ina vitu vingine vibaya, tuseme ukweli, na kuimwaga si ubaya. Lakini anayeimwaga na kufikiri ameondoa metanoli amejidanganya, na programu iliyopewa modeli mbovu imemsaidia kujidanganya.

Niseme wazi, ili nisiwatie hofu akina mama bure: kasikisi yenyewe inazaa metanoli kidogo tu, kwa sababu ya maganda na nyuzi za ndizi, na kiasi hicho si kile kilichoua Kabale. Vifo vya wingi vinatokea pale mtu anapomimina metanoli ya kiwandani, ile ya kusafishia na kulainishia rangi, ndani ya bido ili iongezeke nguvu kwa bei ya chini. Hapo hakuna simulasio itakayokusaidia, ju programu inajua tu kile ulichoiambia kiko mu chungu. Mwizi hatakuambia.

Na alkometre? Alkometre inapima uzito wa maji-maji, basi. Alkoli inalemea 0,789 kwa kila santimetre kibiki, metanoli 0,791. Jicho gani litaona tofauti hiyo ku kijiti kinachoelea? Bido iliyojaa sumu itaonyesha 40 sawa na bido nzuri, na mchuuzi ataiita ya nguvu.

Lakini ukiweka kipimo cha pili pembeni ya kile cha kwanza, mambo inabadilika. Kuna kifaa kidogo cha mkono, refraktometre. Wapima asali na wapima maji ya matunda wanakijua. Kinapima namna mwanga unavyopinda ndani ya maji-maji. Maji safi ni 1,333. Alkoli ni 1,361. Metanoli ni 1,329, chini hata ya maji. Kwa hiyo pombe isiyo na sukari inayoelea kama ya 40 ku alkometre lakini inapinda mwanga karibu kama maji matupu, hiyo usiivushe. Iweke pembeni, ipeleke ku labo. Kifaa hicho hakitaona metanoli kidogo, na sukari ao rangi zinakidanganya. Sikisifu kuliko kinavyostahili. Lakini bido ya kuua watu kwa wingi inakuwa na metanoli nyingi, na njo hiyo kinaweza kushika. Programu inaingia hapa kwa kazi yake ya kweli: kijana anakaa chini, anahesabu kwa michanganyiko mbalimbali uzito wake na digrii yake ya joto, anaenda ku labo kupima mwanga, anatoa tablo moja ya ukurasa mmoja ambayo mtu wa ku mpaka anaweza kuibandika ku ukuta. Hiyo ingekuwa TFC. Hiyo ningeipigia makofi.

Turudi kwa shofere wetu, anayengoja.

Esanse ni mchanganyiko wa vitu mamia. Vyepesi kama butani na pentani vinataka kuruka saa zote, vizito vinabaki. Inavimba kwa joto: kwa kila digrii moja, karibu 1 kwa 1 000, ao kidogo zaidi. Mazutu inavimba pia, chini kidogo ya hapo. Sasa hesabu ni ya mtoto wa shule. Kamyo inapimwa Kasindi saa nane mchana, mafuta yana digrii 32. Inapanda kilometre 80 hadi Beni na 54 zingine hadi Butembo, na tunajua barabara hiyo: kungoja, vizuizi, kulala njiani ju ya usalama. Inapimwa Butembo asubuhi ya baridi, mafuta yana digrii 20. Digrii 12 zimepotea. 12 kwa 1 000 ya lita 40 000 ni lita 480. Hakuna tone lililoibwa. Yamejibana, kama ile nusu lita na nusu lita ya juu. Peleka kamyo ileile Kasindi mchana na zile lita zitarudi.

Wafanyabiashara wakubwa wa mafuta wa dunia wanajua hilo zamani, njo maana vitabu vyao vinaandika lita "kwa digrii 15", ao 20 kwa inchi zingine, bila kujali jua la siku ile. Kati ya tajiri na shofere wa kwetu, lita ni lita ya fimbo. Sisemi kwamba hakuna mashofere wanaouza mafuta njiani. Wapo, na wale wanunuzi wenye bido kando ya barabara wapo pia. Lakini kwa fimbo peke yake, yule mwizi na yule mwaminifu wanafanana, na mwaminifu njo anayelipa, ju mwizi alishajua kuacha nafasi.

Kinachowatenganisha ni kilo. Baridi inapunguza lita. Haipunguze kilo hata moja. Lita 480 zikiibwa, kilo 350 hivi zimeondoka, na mizani ya makamyo inaziona bila shida, ukitoa mafuta ambayo kamyo yenyewe imekunywa. Lita 480 zikijibana, mizani haisemi kitu. Kuna kesi ya tatu, ya katikati: mvuke uliokimbia kwa mfuniko mbovu ao kwa kufunguafungua ku kila kizuizi. Hapo kilo zinapungua kidogo kweli, na vinavyokimbia ni vile vyepesi, kwa hiyo kinachobaki kinalemea zaidi kwa kila lita. Njo hesabu ambayo programu inaifanya vizuri: unaipa muundo wa esanse, joto la mchana, presio ya Butembo, inakuambia ni kiasi gani kinaweza kuruka. Na kwa esanse, tofauti na lutuku, unachagua Peng-Robinson, modeli ya 1976 iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta na gesi. Anayetumia modeli moja kwa kila kitu ni kama fundi mwenye ufunguo mmoja.

Kuna pia wanaochanganya mafuta ya taa ndani ya esanse. Ukianza na esanse ya 0,735, ukamimina moja ya tano ya mafuta ya taa yenye 0,80, unafika 0,748, wakati kanuni za Ulaya zinakubali esanse toka 0,720 hadi 0,775. Uzito unasema yote ni sawa. Motari wa Butembo anayesikia moto yake inagonga anasema kitu kingine. Hapo kipimo cha pili ni moto wenyewe: unachemsha sampuli kidogo kidogo na kuandika digrii ambapo kila sehemu inatoka. Esanse nzuri inamalizika kabla ya 210 hivi; mafuta ya taa yanaendelea hadi karibu na 300. Mkia mrefu unamtaja mchanganyaji. Kenya walichoka na mchezo huo hadi mu 2018 wakaweka shilingi 18 za ushuru kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasiwe ya bei ndogo tena. Walioumia ni pia maskini wanaopikia na kuwashia taa. Ukipima vizuri, hauhitaji kuwapiga maskini ili umshike mwizi.

Najua mtaniambia nini. Inchi iko mu vita, tangu 2021 tuko chini ya état de siège, watu wanazikwa, na wewe unaleta modeli ya Mfaransa Renon. Nasikia. Lakini njo wakati wa vita mpaka wa Kasindi unabeba kila kitu. Njia zingine zikifungwa, mali yote inapita hapa, nzuri na mbaya, haraka haraka, na mwenye kuchanganya anajua kwamba hakuna anayeangalia. Tena ordinatere haiogope barrière. Mwanafunzi aliyekimbia kijiji chake hana labo. DWSIM anaweza kuwa nayo mu mfuko, ku clé USB.

Mwingine atasema OCC iko kwa kazi hiyo. Kweli, ilianzishwa mu 1974 kwa kuangalia mali zinazoingia na kutoka, na mimi sitaki mtu wa barabarani achukue nafasi yake. Nataka OCC ipate watu waliotayarishwa. Watatoka wapi kama si Graben, ku chuo cha Ruwenzori kule Butembo, ku chuo cha Semuliki kule Beni? Vyuo hivyo viko saa chache tu toka mpaka ambapo michanganyiko yote ya Afrika ya Mashariki inapita. Profesa anayefundisha kutenganisha mvuke na maji kwa mfano wa benzeni na tolueni, vitu ambavyo mwanafunzi wake hatavigusa, ameacha kitabu kizuri kilichofunguliwa pale Lubiriha.

Ninachoomba kwa wanaosimamia TFC na mémoire ni kitu kimoja kigumu: mtu asipokelewe na tablo ya simulasio bila kuonyesha namba moja, hata moja tu, aliyoipima yeye mwenyewe kwa mkono wake. Digrii ambapo maji yamechemka ku paa la chuo. Uzito wa kasikisi kabla na baada ya moto. Aeleze kwa nini alichagua modeli hii na akaacha ile. Kama hawezi kueleza, amebonyeza tu, na kubonyeza hakuhitaji miaka mitano ya minerval.

Wale wanaoona kwamba lutuku na bido ni mambo madogo kwa msomi, waangalie kusini ya jimbo letu. Ziwa Kivu limebeba chini kule kilometre kibiki 60 hivi za gesi metani na karibu 300 za gesi kaboniki, zote zimeyeyuka ndani ya maji kwa presio. Kwa upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unapandisha maji hayo, gesi inajitenga yenyewe kadiri presio inavyoshuka, na tangu 2016 inatoa megawati 26 za umeme. Ni kazi ileile ya pipa la mama: nini kinapanda kama mvuke, nini kinabaki mu maji, kwa presio gani. Ukichagua presio vibaya, unapoteza metani ao unapandisha kaboniki nyingi. Ukirudisha maji pahali pabaya, unagusa usalama wa mamilioni wanaokaa kandokando. Kinshasa imekwisha kugawa vipande vya gesi hiyo kwa upande wetu. Siku kampuni itakapoleta mahesabu yake ya kurasa mia tatu, nani wa kwetu ataifungua programu ileile, abadilishe modeli, na kuwauliza kwa nini walichagua ile?

Mu kungoja siku hiyo, kuna kitu cha kuanza nacho wiki hii, na hakihitaji ruhusa ya waziri. Termometre ya kufunga ku kamba inauzwa bei ndogo. Shofere, siku unapojaza Kasindi, ishushe ndani ya tanki mbele ya yule anayepima, na uandike digrii ku bon de livraison pembeni ya lita. Fanya vile tena Butembo mbele ya mwenye mali. Kisha toa ya pili ku ya kwanza, zidisha kwa 40, ju kwa lita 40 000 kila digrii moja inabeba lita 40 hivi. Kama jibu linakaribia zile lita zinazokosa, mwambie patron mwende pamoja ku mizani.